TUMEMSIFU SITI, LAKINI TUMEMSIKILIZA?

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kusikiliza. Si kusikia, maana kusikia hata mbuzi anasikia. Nataka tuzungumze juu ya kukaa kitako na kusikiliza sauti ya mtu aliyekwisha kufa, iliyobaki katika sahani ya santuri, na kuiuliza sauti hiyo ilikuwa ikituambia nini.

Mtu ninayemkusudia ni Siti binti Saad. Ukimtaja jina hilo mbele ya wanafunzi wa sekondari watakujibu mara moja kwamba alikuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja. Wengine wataongeza kwamba Sheikh Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Sisi waandishi wa habari nasi tunalo la kusema, kwa sababu Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Hizo zote ni heshima kubwa. Lakini waulize hao hao: je, umepata kuisikia sauti yenyewe? Hapo utaona watu wanatazamana. Tumemsifu sana Siti, tumempa majina ya majarida na mada za mitihani, ila kumsikiliza hatujamsikiliza. Tumemfanya kama mzee anayekaribishwa kiti cha mbele katika sherehe, akavishwa shada la maua, kisha asipewe nafasi ya kusema neno.

Kwanza tumfahamu kidogo. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, wakati utumwa bado ni sheria ya nchi. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, na jina hilo halihitaji maelezo. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, yeye akiwa tayari msichana. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Uzigua. Ndugu zangu wa Korogwe na Handeni, mmesikia? Mzigua ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo tunapomzungumza Siti hatuzungumzi jambo la ng'ambo ya bahari lisilotuhusu. Tunamzungumza binti ambaye damu ya upande wa mama yake ilitoka katika nyika tunayoiona kila siku tukisimama pale Irente na kutazama chini.

Siti alianza maisha kwa kutembeza vyungu vya udongo, akitangaza bidhaa yake kwa sauti, na inasemekana sauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Baadaye akahamia mjini, akafundishwa kuimba na kupigiwa ala, na hilo jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa na watu waliotambua kipaji chake. Taarabu ya wakati ule ilikuwa ya majumba ya wakubwa, na ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya jikoni, ya sokoni na ya mahakamani. Jambo hilo leo tunaliona dogo, lakini lilikuwa mapinduzi ya kimya kimya.

Mwaka 1928 Siti alipanda meli pamoja na wenzake wa kikundi, wakiwemo Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, wakaenda Bombay nchini India kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuiweka lugha ya Kiswahili katika santuri za kuuzwa madukani. Kampuni ilidhani inajaribu biashara ndogo tu. Kumbe! Katika muda wa miaka mitatu hivi ziliuzwa sahani zaidi ya 70,000 za Kiswahili. Kwa watu wa wakati ule, ambao wengi wao hawakuwa na gramafoni nyumbani, hiyo ilikuwa idadi ya kushangaza. Maana yake ni kwamba sahani moja ilisikilizwa na mtaa mzima.

Sasa tuje kwenye kusikiliza kwenyewe. Najua mtu akipewa leo rekodi ya zamani namna ile, jambo la kwanza atakalolisema ni kwamba ina kelele. Ni kweli. Inakwaruza kama mafuta yanayokaangiwa vitumbua. Lakini ndugu msikilizaji, kelele ile ina asili yake. Sahani zile zilitengenezwa kwa aina ya gundi inayotokana na mdudu mdogo anayeishi juu ya miti, hasa huko India, ikachanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Sindano ya chuma ilipita juu yake kwa nguvu, na kila ilipopita ilikwangua kidogo. Basi kelele unayoisikia ni alama ya watu waliokutangulia kusikiliza. Sahani isiyokuwa na mikwaruzo hata kidogo huenda ni ile ambayo hakuna aliyeipenda.

Nimeona kwamba sikio huizoea kelele hiyo upesi, kama vile sisi tunavyozoea mvua juu ya bati. Ukisikiliza mara ya kwanza, utasikia mvua. Mara ya pili utasikia mvua na mtu. Mara ya tatu utamsikia mtu peke yake. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiihukumu rekodi ya zamani mpaka umeisikiliza mara tatu.

Ushauri wa pili, kumbuka muda. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu tu au kupita kidogo. Taarabu haikuzoea haraka hiyo. Katika baraza la Unguja wimbo mmoja ungeweza kwenda na kurudi, watu wakituza, mwimbaji akirudia ubeti unaowachoma watu. Huko Bombay hakukuwa na wa kutuza. Palikuwa na chombo cha kunasia sauti na saa ya ukutani. Ndiyo maana nyimbo zile zinaanza upesi na pengine zinakoma ghafla kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa katikati ya sentensi. Usiseme mwimbaji hakujua kumaliza. Sema sahani ilikwisha.

Ushauri wa tatu, ifuate fidla. Sauti ya Siti ni nyembamba, iko juu, inapita puani kidogo, na haina haraka ya kukupendeza. Baada ya kila ubeti fidla na udi hupokea, na fidla hurudia njia ile ile aliyopita mwimbaji, kama shahidi anayesema, naam, nami nilikuwapo, ndivyo ilivyokuwa. Ukishaisikia hiyo kazi ya fidla, wimbo unafunguka. Utaona kuwa si mwimbaji mmoja anayepigiwa muziki. Ni watu watano wanaozungumza.

Na walizungumza nini? Hapa ndipo penye uzito. Watu wengi wanadhani taarabu ya zamani ilikuwa mapenzi matupu na mafumbo ya wivu. Chukueni wimbo uitwao Kijiti, mmoja wa nyimbo zilizompa Siti jina kubwa. Maneno yake yalikuja kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1966 katika kitabu kiitwacho Waimbaji wa Juzi, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliuimba mpaka uzeeni mwake. Wimbo huo unasimulia habari ya mwanamke wa Dar es Salaam aliyekwenda Unguja kutembea. Alikuwa mjamzito. Wanawake wenzake wakamchukua kwenda ngomani, na huko mtu anayeitwa Kijiti akamwingilia kwa nguvu na kumwua. Kisha Kijiti akatoroka, akavuka bahari kuja huku bara, asikamatwe. Kesi ikapelekwa mahakamani mbele ya jaji wa serikali ya kikoloni. Walioadhibiwa ni nani? Ni wale wanawake waliofuatana na marehemu, waliokwenda kutoa ushahidi. Kosa lao lilikuwa pombe iliyokuwapo katika safari ile.

Sisi tuliosomea uandishi wa habari tunafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba habari lazima ijibu maswali: nani, nini, lini, wapi, vipi na kwa nini. Wimbo wa Kijiti unajibu karibu yote hayo, kwa beti fupi, na bila kupoteza neno. Halafu unauliza swali ambalo mwalimu wangu hakulitia katika orodha yake: haki iko wapi? Katika wimbo huo mnasikika watu wengi. Yupo msimulizi. Yupo jaji aliyekaa kitini amekasirika. Wapo mashahidi wanaotukanwa. Na mwishowe mwimbaji anamgeukia Kijiti mwenyewe, kama vile amesimama mbele yake, anamwambia kwamba popote atakapofika, watu wanamwombea mabaya. Mkimbizi aliyeponyoka polisi hakuuponyoka wimbo. Serikali haikumpata, lakini jina lake bado linatajwa, na kwa aibu.

Mimi naona hiyo ni tamthilia kamili. Na ninaposema tamthilia ya kuimbwa, nataka niwachukue mbali kidogo, mpaka Italia, kwa sababu jambo hili lina ndugu yake huko.

Katika mji wa Florence mwaka 1587 alizaliwa mwanamke aitwaye Francesca Caccini. Baba yake, Giulio, alikuwa mwanamuziki wa watawala wa mji huo, ukoo wa Medici, na binti naye akaingia kazi hiyo hiyo, akawa mwimbaji, mpigaji ala na mtungaji. Siku ya tarehe 3 Februari 1625, katika jumba moja la kifahari nje ya mji, ikachezwa kazi yake aliyoitunga kwa amri ya mama mtawala, mjane wa mfalme mdogo wa nchi ile, mbele ya mwana wa mfalme wa Poland. Kazi hiyo ni opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Jina lake kwa Kiswahili tungesema Kukombolewa kwa Ruggiero Kutoka Kisiwa cha Alcina. Miongoni mwa opera zote zinazojulikana leo, hiyo ndiyo ya kale zaidi iliyotungwa na mwanamke.

Hadithi yake mtu wa milima hii hatashindwa kuifahamu. Alcina ni mchawi mzuri wa sura anayeishi kisiwani. Huwavuta wanaume, na akiwachoka huwageuza kuwa miti na mimea. Ruggiero, askari hodari, amenaswa humo, amesahau vita, amesahau na mchumba wake. Anakuja mwanamke mwingine mwenye nguvu za uganga, jina lake Melissa, amejigeuza mzee wa kiume, anamkemea Ruggiero mpaka fahamu zinamrudia. Wakati wa kuondoka, ile miti inaanza kuimba. Inalia, inaomba isiachwe nyuma, maana ilikuwa watu. Ndugu zangu, mimi nimesikiliza sehemu hiyo huku ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba, na nawaambia sikuhitaji mkalimani. Nani kati yetu hajasimuliwa na bibi yake hadithi ya mti usiokatwa kwa sababu ni mtu?

Sasa, opera hiyo ilipata bahati gani? Ilichapishwa Florence mwaka ule ule wa 1625. Kisha ikalala. Ikalala mamia ya miaka, ikitajwa na wataalamu wachache, huku nyimbo nyingi nyingine za mama huyo zilizochezwa jukwaani zikipotea kabisa. Ni katika nyakati zetu hizi ndipo vikundi vya muziki vikaifufua, na rekodi mpya kadhaa zikatoka, hata mtu wa Lushoto mwenye simu na vipaza vya masikioni anaweza kuisikia yote katika muda usiofika saa moja na nusu.

Tazameni basi jinsi wanawake hawa wawili wanavyofanana na wanavyotofautiana. Francesca alituachia karatasi, lakini hatutaijua kamwe sauti yake. Waimbaji wa leo wanasoma alama zake na kukisia. Siti alituachia sauti yake mwenyewe, lakini mengi ya mazingira yake yamepotea: nani alikuwa akimjibu, nani alituza, ubeti gani uliachwa kwa sababu sahani ilikwisha. Kila mmoja ametuachia nusu. Na kila mmoja alihitaji watu wa baadaye wenye subira ya kuitafuta nusu nyingine kwa masikio yao.

Nazijua hoja za wanaopinga. Wapo watakaosema, haya ni mambo ya dunia, yana faida gani kwa mtu anayehangaika na bei ya viazi? Wapo watakaosema nyimbo hizi za kale zinachochea anasa. Kwa wa pili nawajibu kwamba Siti huyo huyo alisifika pia kwa kusoma Kurani, na katika kikundi chake Shaaban aliitwa maalim kwa kuwa alikuwa mwalimu. Hawakuona ugomvi kati ya ibada na kumwimbia mwanamke aliyeuawa bila kosa. Kwa wa kwanza nawajibu hivi: mama anayepakia mboga lori la usiku kwenda Dar es Salaam, na asijue kama atalipwa, ndiye hasa anayehitaji kujua kwamba kulikuwapo zamani mwanamke asiyekuwa na cheo aliyeweza kumsema jaji hadharani, kwa jina lake na kwa sauti yake, na maneno hayo yakauzwa sokoni. Hilo si anasa.

Lakini kilichonifanya nizungumze leo si Siti tu, wala si huyo mama wa Florence. Ni sisi. Hao wawili wamesahauliwa, lakini kipo cha kufufuliwa. Ipo karatasi, ipo santuri. Mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza iitwayo Topic ilikusanya santuri za zamani za Kiswahili za Tanzania na Kenya, ikazitoa upya, na chanzo chake kikubwa kilikuwa Maktaba ya Taifa ya Uingereza. Sauti zetu zimetunzwa London. Mimi siwalaumu waliozitunza, nawashukuru. Ila je, hapa milimani tumetunza nini?

Twendeni kwenye mdumange. Vijana wanauona siku za sherehe za serikali, mgeni rasmi anapokaribishwa, dakika tano, kisha watu wanapiga makofi na hotuba zinaanza. Mdumange una nyimbo, na nyimbo hizo zina maneno, na maneno hayo ni ya Kisambaa kizito ambacho kijana wa leo anakipata nusu nusu. Ndani yake kuna misiba, kuna majina ya watu, kuna kesi zilizoamuliwa vibaya, huenda wapo na akina Kijiti wetu. Wanaozijua nyimbo hizo kwa ukamilifu ni wazee, na wengi wao ni akina mama waliokwisha kupita miaka 70. Hazimo katika karatasi. Hazimo katika santuri. Zimo katika vifua vya watu hao, na kifua cha mtu hakifunguliwi tena kikishafukiwa.

Zamani tungesema hatuna vyombo. Kurekodi ilikuwa kazi ya redio ya serikali, na gari la kurekodia halikufika kila kijiji. Udhuru huo umekwisha. Karibu kila nyumba ina simu ya mkononi yenye kinasa sauti bora kuliko kile kilichomnasa Siti mwaka 1928. Basi fanyeni hivi. Mwendee bibi au babu yako jioni, kazi zikiwa zimepungua. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze kwa nini unataka, na akikataa wimbo fulani usitoke, umheshimu, maana wimbo ni mali yake. Zima redio, hata kama ninayezungumza ni mimi. Mwache aimbe mpaka mwisho bila kumkatiza, maana wewe hubanwi na dakika tatu. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa siku zote, sema katika kinasa hicho hicho: jina lake, kijiji chake, tarehe ya leo, wimbo unaitwaje, uliimbwa wakati gani na alijifunza kwa nani. Mwombe pia aeleze maneno magumu. Rekodi isiyokuwa na maelezo hayo ni sawa na picha ya harusi isiyojulikana bwana harusi ni nani. Hatimaye iweke mahali pawili, kwa sababu simu huibwa na simu huanguka majini.

Walimu wa shule zetu nao wangeweza kulifanya hili liwe zoezi la likizo. Mwanafunzi mmoja, mzee mmoja, wimbo mmoja. Hesabuni wenyewe shule zilizoko wilayani na wanafunzi waliomo, mtaona tungekuwa na hazina gani baada ya mwaka mmoja tu. Wala makanisa na misikiti isikae kando, maana hata hizo kwaya za zamani, matarumbeta na kasida za maulidi zina wazee wake, na wao pia wanaondoka.

Na usiku huu, kabla hujalala, itafute sauti ya Siti binti Saad. Kijana wa nyumbani atakusaidia kuipata katika simu. Isikilize mara tatu, kama nilivyosema, mpaka mvua iondoke abaki mtu. Usiisikilize kwa kuwa ni wajibu wa taifa, isikilize kwa kuwa kuna mwanamke, mtoto wa mama wa asili ya Kizigua, anayekuambia jambo. Ukimaliza, mpigie mama yako au shangazi yako huko Mlalo, umwulize kama anakumbuka wimbo wowote wa utoto wake.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.